Kabari Isiyo na Rangi

"Hivi, Mama Stela, kwa nini kiwanda cha bia wamekitupa huku bondeni kando ya reli? Si wangekijenga juu kule penye upepo, hii harufu ikaenda zake?"

Levina aliuliza hivyo zamani, wiki ile ile aliyohamia mtaani na mwanawe Nestory, akiwa amekaa barazani kwa jirani yake anachambua mchicha. Alimwuliza Veridiana, lakini aliyejibu alikuwa mumewe Veridiana, mzee Reveriani, ambaye siku hizo alikuwa hai na alikuwa bado kazini reli.

"Shemeji, kiwanda cha bia ni kama ng'ombe wa maziwa," alisema. "Kinataka maji mengi, na kinataka kuletewa chakula pale pale kilipolala. Kimea kinakuja kwa treni. Chupa zinakuja kwa treni. Ukikijenga juu, maji utayapandisha kwa pampu, na mabehewa utayasukuma mlimani kila siku ya Mungu. Ukikijenga bondeni, maji unayakuta chini ya miguu yako, na behewa linateremka lenyewe. Mimi nimetembea na reli hii tangu Kigoma. Kila mahali ni hivyo hivyo. Stesheni juu, kiwanda chini."

"Na sisi je?"

"Sisi tunajenga palipobaki."

Walicheka wote watatu. Levina alikuwa na kicheko cha kuinamia magoti, na mchicha ukamwagika.

Reveriani alikuwa na miaka sita kaburini sasa. Maneno yake mengi Veridiana alikuwa ameyasahau, Mungu amsamehe, lakini hayo ya behewa kuteremka lenyewe yalimrudia tangu Jumanne ile, na yalimrudia kwa sauti ya marehemu mwenyewe, kikohozi chake na yote.

Nyumba zao zilikuwa nyuma ya kiwanda, upande wa Chemchem mjini Tabora, mahali ambapo tawi dogo la reli liliachana na reli kubwa na kushuka taratibu hadi kwenye geti la kiwanda. Injini haikushuka huko. Injini iliyaacha mabehewa ya kimea juu, ikaenda zake, na kazi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Mtu huyo alilegeza breki ya mkono, behewa likaanza kutambaa, naye akatembea pembeni yake na kabari mkononi mpaka penye ghala. Hapo aliitega kabari juu ya reli, gurudumu likaipanda kidogo, likakwama. Kabari yenyewe ni kipande cha mninga tu, kimechongwa chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, uzito wake kama mtoto wa miezi mitatu. Ndicho kilichokuwa kinasimamisha tani arobaini.

Kazi hiyo ilikuwa ya Nestory kwa miaka minane. Levina alifurahi alipoipata, ingawa Veridiana alimtania, "Mwanao anawaletea walevi." Levina akajibu, "Anawaletea, hanywi nao." Na ilikuwa kweli, hakunywa.

Jumatatu, siku moja kabla ya Jumanne ile, Veridiana alikuwa anarudi kutoka kwenye sala za jumuiya huko Cheyo, anafuata reli kama alivyofanya kila siku. Mawazo yake yalikuwa kwenye meza. Mchwa walikuwa wamekula mguu mmoja wa meza yake ya sala, ile yenye sanamu ya Bikira Maria na picha ya Reveriani, na kila akiwasha mshumaa nta ilitiririkia upande mmoja. Alipofika kwenye nguzo ya tatu aliona kabari imelala kwenye majani.

Hakuichukua kama mwizi. Aliigeuza kwanza, akatazama kichwa chake.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, maana mtu asiyewahi kuishi na mfanyakazi wa reli asingetazama kichwa. Enzi za Reveriani, kabari yenye kazi ilipakwa rangi nyeupe kichwani. Ikichakaa waliikwangua rangi wakaitupa pembeni, na wake za wafanyakazi walikuwa na ruhusa ya kuiokota. Veridiana alipikia kabari za namna hiyo miaka zaidi ya ishirini. Mninga unashika moto vizuri. Hii haikuwa na rangi hata tone. Tena ilikuwa na tundu jeusi kichwani, kama imetobolewa kwa chuma cha moto, akaona basi, wameshaiharibu, ndiyo maana wameitupa. Akaibeba kwenye kanga. Nyumbani akaisukuma chini ya mguu wa meza, meza ikakaa sawa, na jioni hiyo nta ilishuka pande zote.

Jumanne asubuhi alisikia mlio. Haukuwa mkubwa. Watu wa mjini hudhani kitu kizito kikigonga kinapiga kishindo, lakini huu ulikuwa kama mlango wa ghala umefungwa na mtu mwenye hasira, kisha kimya, kisha sauti ya mwanamume mmoja ikiita jina.

Alois Ciza alikuwa amesimama ghalani, ameipa mgongo reli, anajaza machicha kwenye viroba. Machicha ni yale mabaki ya kimea yakishakamuliwa. Wafuga nguruwe wanayapenda sana, na Alois alikuwa na nguruwe saba. Alikuwa pia na watoto wanne. Mabehewa mawili yalimkuta hapo, yakambana kwenye ukuta.

Nestory hakukimbia. Polisi walimkuta amekaa juu ya taruma la reli, viatu vyake vimejaa vumbi jeupe. Alisema kabari haikuwa mahali pake. Alisema ameitafuta, msimamizi akawa anapiga kelele kwamba ndani kimea kimekwisha, akachukua jiwe. Jiwe likasagika. Wale mabwana waliandika kila kitu, halafu mmoja akauliza, "Kipande cha mti kimeota miguu?" Wakamchukua.

Jumatano Levina alikuja kwa Veridiana, macho yamevimba.

"Shikamoo, Mama Stela."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nimekuja tusali novena. Kwangu sina sanamu. Tusali hapa kwako, siku tisa, mwanangu atoke."

Veridiana angesema nini? Alitandika mkeka. Walipiga magoti pamoja mbele ya meza, nao hawakuwa mbali na ile kabari hata hatua mbili. Siku hiyo ya kwanza Veridiana alikuwa bado na neno la kujifariji. Haina rangi, alijiambia. Ile ya Nestory ni nyingine. Itapatikana.

Siku ya pili alikuja Fauzi, msimamizi wa reli ya kiwanda. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, ukoo wao wa Kiarabu wa hapo hapo Tabora, babu zake waliuza nguo na chumvi kabla reli yenyewe haijafika. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai ipo."

Alikaa, akaweka kiwiko chake juu ya meza ya sala, kisha akakumbuka mahali alipo, akakiondoa. "Samahani. Nimezunguka mtaa mzima tangu asubuhi. Wewe unapita pale kila siku. Hukuona kabari? Hukuona mtu amebeba?"

"Sikuona mtu amebeba," alisema Veridiana. Lilikuwa neno la kweli, lakini lilimkaukia mdomoni kama unga.

"Nilijua. Nani aibe kipande cha mti? Vyuma vinaibwa, sawa, nyaya zinaibwa. Lakini mti?" Alikunywa chai. "Kijana amepitiwa, basi. Hakutaka kupanda hadi nguzo ya tatu, kabari inakolazwa. Nami niliharakisha, siwezi kukataa, wakubwa walikuwa wananipigia simu."

Veridiana alikusanya ujasiri wake. "Na zile zenu, bado mnazipaka rangi? Marehemu mzee alikuwa akizipaka nyeupe kichwani."

Fauzi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Rangi? Bibi, hizo zilikuwa enzi za serikali. Tangu nije hapa sijaona kopo la rangi. Kabari zenyewe zilibaki mbili, moja ilipasuka mwezi wa tatu. Nimeandika barua nipewe nyingine, bado nangoja."

Alishukuru chai, akavaa viatu, akaenda zake. Veridiana alibaki amekaa. Alitazama mguu wa meza, halafu akatazama picha ya mumewe, halafu akainuka akafunga mlango, mchana kweupe.

Siku ya tatu, baada ya sala, Levina hakuondoka haraka. Alikaa kwenye mkeka, akinyoosha miguu.

"Unajua kinachoniuma, Mama Stela? Ile kabari naijua. Aliitoboa jikoni kwangu mwaka jana. Alichoma nondo kwenye jiko langu mpaka ikawa nyekundu, akaipitisha kichwani. Eti apitishe kamba, asije akakatwa vidole siku moja. Moshi nyumba nzima, nikamfokea kama mtoto mdogo. Nikamwambia, wewe jibaba la miaka thelathini unachezea moto." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Kamba yenyewe ilikatika baada ya wiki."

Veridiana alisema, "Pole."

"Nimeshapoa."

Kuanzia usiku huo hakuwa tena na neno la kujifariji.

Ni rahisi kusema angetoka pale pale akaenda kituo cha polisi. Asiyetoka kambi ya Ulyankulu atasema hivyo. Veridiana alizaliwa na watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na godoro moja, akakulia kambini, akafundishwa mapema kuliko kusoma kwamba jina lako likiandikwa kwenye kitabu cha afisa yeyote, halifutiki. Cheti chake cha uraia kilikuwa ndani ya sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine. Alimwona baba yake akiinuka na kusimama wima kila pikipiki ya afisa ilipopita barabarani, hata kama afisa mwenyewe hakugeuka. Sasa ajipeleke mwenyewe kwa polisi aseme, mimi nimechukua mali ya kiwanda, mtu amekufa? Na Mektilda, mjane wa Alois, ambaye Veridiana alimshika mkono pale kaburini, aseme nini akisikia? Na jumuiya, iliyomchagua mwenyekiti mara tatu kwa sababu ni mtu wa kuaminika?

Jumamosi alikwenda kuungama. Alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo, akaungama hasira, akaungama masengenyo, akaungama kwamba alisinzia wakati wa mahubiri. Padri alimwuliza, "Kuna jingine, mama?" Alisema hakuna. Alipewa malipizi ya Salamu Maria kumi, akazisali zote, na alipotoka nje jua lilikuwa kali na harufu ya machicha ilikuwa imefika hadi kanisani.

Siku ya tano wakasali. Siku ya sita wakasali. Siku ya saba Levina alichelewa, akasema mawakili wote ni wale wale, akasali bila kuimba. Veridiana alikuwa akitazama. Hiyo ndiyo tabia yake tangu zamani, kutazama na kunyamaza. Aliona jirani yake anavyopungua. Aliona mkono wake unavyoshika rozari kama unashika kamba ya ndoo kisimani. Siku ya nane aliona jambo lililomtisha zaidi ya machozi. Levina hakutaja jina la mwanawe kwenye nia za sala. Aliombea roho ya marehemu Alois peke yake.

Usiku wa kuamkia siku ya tisa Veridiana hakusinzia. Alijiahidi kwamba kesho atasema. Kisha alijiahidi kwamba Nestory akitoka kwa msamaha wa Mungu hatakuwa na haja ya kusema. Ahadi hizo mbili zilibadilishana zamu mpaka adhana ya alfajiri.

Alhamisi Levina alikuja mchana, si jioni kama kawaida, amevaa gauni lake la Jumapili. Alikaa bila kusalimia. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea kwa miaka kumi na minne.

"Nimetoka gerezani kumwona Nestory," alisema.

"Hajambo?"

"Amekonda. Mama Stela, nimefanya jambo, nataka uniambie kama nimefanya vyema." Alikuwa akisema taratibu, kama mtu anayesoma barua. "Siku zote hizi anasema, mama, kabari haikuwepo. Mama, niamini. Nami nikamwamini. Lakini nimekaa, nimefikiri. Mti hauna miguu, hata wale polisi walisema. Fauzi mwenyewe amepita nyumba kwa nyumba. Nikajiuliza, mimi namwomba Bikira Maria amtoe mtu anayesema uongo? Alois yuko chini ya udongo. Leo nimemwambia mwanangu, acha uongo. Nimemwambia, ulichelewa, ulichoka, hukupanda mpaka nguzo ya tatu, sema hivyo, mwenye kukiri Mungu humwonea huruma na hakimu naye humpunguzia. Nikamwambia, ukiendelea na uongo huo mimi sitakuja tena."

Veridiana alitazama chini ya meza.

"Akanitazama," alisema Levina. "Akanitazama sana. Halafu akasema, sawa, mama. Kama hata wewe, sawa. Wakaleta karatasi, akasaini. Jumatatu atasomewa kortini. Wanasema itakuwa miaka mitano, labda mitatu." Akanyanyua uso. "Nimefanya vyema? Wewe ndiye mtu wa sala. Niambie."

Nje, juu kwenye reli kubwa, treni ya mizigo ilikuwa inapunguza mwendo, na vikombe viligongana kabatini. Veridiana alingoja ipite. Ilikuwa ndefu. Alitamani isiishe.

Ilipoisha aliinuka. Aliondoa mshumaa mezani, akauweka sakafuni. Aliondoa picha ya Reveriani. Sanamu ya Bikira Maria akaikumbatia kifuani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akainua pembe ya meza, na kwa mguu wake akaisukuma kabari itoke. Ilisogea juu ya saruji kwa mlio mdogo, ikasimama mbele ya magoti ya Levina. Meza ilipoachiwa ikainama upande.

"Niliiokota Jumatatu," alisema Veridiana. "Ile Jumatatu. Kwenye majani, pale nguzo ya tatu. Niliitazama kichwani, haikuwa na rangi. Wakati wa marehemu isiyo na rangi ilikuwa kuni. Sikujua kwamba hawapaki tena."

Levina hakuigusa. Alikuwa anaitazama tu.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Angeweza kusema leo. Neno hilo lilikuwa jepesi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Fauzi alipokuja, nilianza kujua. Uliponisimulia tundu, nilijua kabisa."

"Siku ya tatu."

"Siku ya tatu."

Levina alinyoosha mkono, akaigeuza kabari. Akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya lile tundu jeusi, taratibu, mpaka kwenye kifundo, kikatoka na masizi. Akakitazama.

"Twende wote kituoni," alisema Veridiana. "Sasa hivi. Nitasema kwa kinywa changu. Niandikwe mimi. Kortini nitasimama, mbele ya Mektilda nitasimama. Mwanao hakusema uongo hata neno moja, nitasema hivyo, Mama Nesto. Ngoja nivae viatu tu."

"Alinitazama sana," alisema Levina.

Akavua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya mkeka, akaiweka kabari katikati, akaifunga mara mbili. Aliinyanyua kwa mikono miwili. Veridiana alikuwa ameshapata kiatu kimoja na alikuwa anakitafuta cha pili kwa vidole vya mguu, chini ya kitanda, sanamu bado iko kifuani kwake. Alisema tena, "Ningoje, dada."

Levina alisimama, akausukuma mlango kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, akatoka, akashika njia ya reli inayopanda mjini.